Kabati, rafu, neti au keria: uchague nini kwa vitu vya juu kwenye HiAce ya kulala?

Kitanda kimeshakaa, jiko limepata kona yake, na sasa nguo, mablanketi, vyombo na mazagazaga mengine yamerundikana mlangoni yakisubiri pa kwenda. Chini hakuna tena nafasi. Kilichobaki ni ule ukanda kati ya dirisha na paa, na hapo ndipo wengi wanaogeuza gari kuwa la kulala hukwama. Seremala atakwambia piga kabati. Aliyezoea safari atakwambia neti inatosha, usijichoshe. Dereva wa zamani atakushangaa: keria ipo, unahangaika na nini?

Wote wana hoja. Nimechukua njia nne, yaani kabati lenye milango, rafu wazi yenye ukingo, neti na mifuko ya turubai, na keria juu ya paa, nikazipitisha kwenye vigezo vilevile. Mfano wangu mkuu ni Toyota HiAce, maana ndiyo inayopatikana kwetu kwa wingi, spea zake zipo na mafundi wameizoea. Walioko Ulaya wenye Fiat Ducato au Mercedes Sprinter nao nitawagusa, kwa sababu urefu wa ndani wa magari hayo unabadilisha jibu.

## Vigezo kwanza

Nafasi ya kichwa. Hiki kinasahaulika kuliko vyote, kwa kuwa watu hupima gari likiwa bado tupu. HiAce ya bodi nyembamba na paa la kawaida, toleo lililoanza mwaka 2004, ina karibu sm 132 kutoka sakafu ya chuma hadi paa. Tandika plaiwudi na kapeti chini, weka sponji ya kuzuia joto na silingi juu, unabaki na sm 125 hivi. Kitanda chenye droo kikichukua sm 35 na godoro sm 10, umebakiwa na sm 80. Mtu mzima aliyekaa wima huhitaji kati ya sm 80 na 95 kutoka anapokalia hadi utosini. Maana yake, kwenye gari hilo wengi tayari wanakaa wameinamisha shingo kabla hujafunga hata ubao mmoja. HiAce ndefu ya paa la juu, ile ya mita 5.38, inakupa karibu sm 163 na mambo yanalegea kidogo. Ducato ya paa la H2, yaani la kimo cha kati, ina sm 193, na hapo mtu wa kimo cha kawaida anasimama wima na kabati linapata pa kukaa bila ugomvi.

Kwa hiyo kabla ya kununua ubao, chukua katoni la dukani, likate kwa vipimo vya kabati unalolitaka, libandike kwa seloteipu pale litakapokaa. Kisha lala. Amka ghafla, kama mtu aliyesikia kitu nje. Geuka uvae suruali. Utajua ndani ya dakika tano kile ambacho mchoro hautakuonyesha.

Uzito. Ndani ya gari uzito wa juu unaogopwa kuliko unavyostahili, na kwenye keria unadharauliwa. Fanya hesabu. Chukua gari la kilo 2,000 ambalo kitovu cha uzito wake kiko sm 75 juu ya ardhi. Ukiweka kilo 40 ndani, kwenye kimo cha sm 170 kutoka ardhini, kitovu kinapanda kwa karibu sm 2. Ukiweka kilo 100 kwenye keria, kimo cha sm 215, kinapanda kwa karibu sm 7. Hiyo ya kwanza hutaisikia sana kwenye usukani. Ya pili utaisikia kwenye kona ya kwanza ya mteremko.

Kutulia barabarani. Matuta, rasta, na njia za vumbi zenye mawimbi kama ile ya kutoka Ngorongoro kuelekea geti la Naabi huutesa ubao kwa namna ambayo jikoni kwako haipo. Kabati la nyumbani linavutwa chini tu. La kwenye gari linarushwa juu, linasukumwa pembeni kwenye kona, na dereva akikanyaga breki linavutwa mbele. Wakati huohuo bodi ya gari yenyewe inajipinda. Na kuna suala la usalama: gari likigonga kitu na kusimama ghafla kutoka mwendo wa km 80 kwa saa, kopo la nyanya la gramu 400 lililokuwa huru linaendelea mbele kwa kasi ileile, ambayo ni kasi ya kitu kilichodondoshwa kutoka urefu wa mita 25. Kichwa cha dereva kiko mbele yake.

Joto, vumbi na unyevu. Chini ya paa la bati ndipo pa moto kuliko pote ndani ya gari mchana, na usiku wa baridi ndipo pumzi za waliolala hugeuka maji. Vitu vingine havifai kukaa juu, njia yoyote utakayoichagua: makopo ya dawa ya mbu ya kupuliza, ambayo huandikwa yasizidi nyuzi 50, pamoja na pawabenki na dawa za hospitali. Mtungi wa gesi usiuwaze kabisa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Mtungi hukaa chini, kwenye kasha lenye tundu la kutolea gesi nje.

Fundi na mfuko. Je, ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe na drili ya kukopa, au inahitaji mtu? Na ikiharibika mbali na mji, inatengenezeka?

## Kabati lenye milango

Nafasi ya kichwa. Ndilo linalokula nafasi kuliko yote. Kina cha sm 30 na kimo cha sm 30 ndicho kinachobeba nguo zilizokunjwa bila kupoteza kona. Ndani ya HiAce ya paa fupi, kabati la hivyo juu ya mto wa kulalia ni adhabu. Liweke upande wa miguuni, au juu ya meza ya jiko ambako hakuna anayekaa. Kwenye Ducato au Sprinter kazi ni rahisi. Benchi la sm 45, mtu aliyekaa sm 90, nafasi ya kupumua sm 10: sakafu ya kabati ianzie sm 145 na kuendelea.

Uzito. Hapa mbao ndizo zinazoamua. Plaiwudi ya mm 12 ina kama kilo 6 hadi 8 kwa mita ya mraba, kutegemea mti uliotumika. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ya mm 18 inafika 13 au 14. Kabati la urefu wa mita 2 hutumia karibu mita moja na nusu ya mraba, kwa hiyo la plaiwudi litakuwa na kilo 10 hadi 12, na la MDF litapita 20, tupu, bila hata soksi moja ndani yake. Mafundi wetu wanapenda MDF kwa sababu inakatika vizuri na inapendeza ikipigwa rangi. Wengine wanapendekeza mninga, na kweli mninga ni mzuri, ila uache uende kwenye milango ya nyumba. Kwa fremu, mbao za paini kama zile za Sao Hill zinatosha.

Kutulia barabarani. "Bosi, hii hata ukining'inia haitoki," seremala atakwambia, na atajining'iniza kweli ili uone. Jaribio hilo linapima mvuto wa kwenda chini peke yake, na huo ndio mdogo katika mambo yatakayolipata kabati. Kinachoua kabati la gari ni mtetemo. Skrubu ya bawaba iliyoingia kwenye ukingo wa MDF huanza kwa kucheza kidogo tu. Kila wimbi la barabara linaitikisa, tundu linapanuka, na unga wa kahawia unaanza kudondoka juu ya shuka. Ukiuona unga huo, mlango umebakiza siku. Tengeneza kwa plaiwudi, pitisha bolti ndogo ya kutokea upande wa pili yenye nati ya kujibana pale penye bawaba, na uache kutegemea skrubu.

Namna ya kulishika kwenye gari ina sheria zake. Bati la paa ni jembamba mno kubeba chochote. Shika kwenye mbavu za paa na kwenye nguzo za pembeni, kwa nati za riveti za M6, zile zinazojibana ndani ya tundu la bati na kupokea bolti ya mm 6. Angalia kwanza mashimo ya kiwandani yenye thredi, yale ya vishikio vya abiria, maana hayo ni ya bure na yana nguvu. Gundi ya vioo vya magari isaidie bolti, isichukue nafasi yake. Kwenye magari mapya, ukiona maandishi SRS AIRBAG kwenye nguzo, usitoboe hapo wala usiifunike: mfuko wa hewa hushuka kutoka ukingo huo wa paa.

Kabati moja refu la mita 2 litalia kila bodi inapojipinda. Ligawe masanduku matatu ya sm 65 hivi, kati yake uache upenyo mdogo wa kujaza kipande cha kapeti. Ukimya utakaoupata unalipa kazi hiyo yote.

Mlango ufunguke kwenda juu ukishikwa na shoki ndogo za gesi, za aina ileile ya zile za buti. Unaofunguka kwenda chini hukupiga usoni, na wa kutelezesha hujaza mchanga kwenye reli. Kwa kufungia, vitasa vya kubonyeza vinavyojikamata. Sumaku ziachie kabati za sebuleni, kwa sababu kwenye kona vitu vyote vya ndani huegemea mlango kwa pamoja. Nyuma ya mlango bado weka ukingo wa sm 5: siku kitasa kikigoma, ukingo utabakiza nusu ya vitu mahali pake.

Joto, vumbi na unyevu. Kwa vumbi halina mpinzani. Kwa unyevu lina tatizo la kujitakia: kadiri unavyolibana ndivyo linavyofuga ukungu. Ukilala kwenye kambi ya Simba ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi utakuta bati la nyuma ya kabati linachuruzika. Acha upenyo wa sm 1 au 2 kati ya kabati na bodi, na utoboe matundu madogo sakafuni mwake. Ukiwa Pangani au Bagamoyo, bawaba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Za kawaida hazimalizi mwaka zikiwa safi.

Fundi na mfuko. Ghali kuliko njia zote za ndani, na inataka fundi anayekubali kusikiliza. Likivunjika njiani, seremala yeyote wa mjini atalishughulikia, ila shoki na vitasa vya kubonyeza beba vya akiba.

Linamfaa nani. Anayeishi ndani ya gari kwa miezi, mwenye gari refu, na asiyevumilia kuona vitu vimezagaa. Linamfaa pia Mswahili wa Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya anayetaka gari lake lisajiliwe kama la makazi. Kanuni ya Ulaya namba 2018/858 inataka gari hilo liwe na viti na meza, pa kulala, pa kupikia na pa kuhifadhia vitu, na vifaa hivyo viwe vimefungwa imara ndani. Meza pekee ndiyo inayoruhusiwa kuwa ya kuondoleka kirahisi. Mkaguzi akikuta neti tupu, mtaanza mjadala. Na wenye leseni ya daraja B wakumbuke kikomo cha kilo 3,500 kwa gari zima na mzigo wake: kwenye gari kubwa lenye tangi la maji na betri, zile kilo 20 za MDF zina maana.

## Rafu wazi yenye ukingo

Nafasi ya kichwa. Rafu inaweza kuwa nyembamba kuliko kabati, sm 20 hadi 25, kwa sababu hakuna mlango unaohitaji nafasi ya kufunguka. Jicho nalo linapita juu yake hadi kwenye bodi, kwa hiyo gari halionekani dogo. Ukigonga kichwa hapo, unagonga ukingo mmoja. Uviringishe kwa msasa na uuvishe sponji na kitambaa.

Uzito. Nusu ya kabati. Kwa urefu uleule wa mita 2, kilo 5 au 6 zinatosha.

Kutulia barabarani. Siri yake ni mambo mawili ambayo mafundi wengi huyaruka. La kwanza, sakafu ya rafu iiname kuelekea nyuma: kwenye kina cha sm 25, mwinamo wa sm 2 au 3 unatosha kufanya kila kitu kirudi ukutani chenyewe badala ya kukimbilia ukingoni. La pili, ukingo uwe na kimo cha sm 8 hadi 10. Wa sm 3 ni pambo. Juu ya ukingo pitisha lastiki mbili za kuvuka kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

Hata hivyo, kwa ajali rafu ni dhaifu kuliko kabati lililofungwa vizuri, na hakuna lastiki itakayozuia kopo kwa mwendo wa km 80. Rafu ibebe vitu laini: nguo, mashuka, taulo, tishu, mkate. Makopo na chupa za mafuta ya kupikia vina droo zake chini ya kitanda.

Makelele ni madogo ukitandika kapeti. Vikapu vya ukindu vinafaa hapa kuliko masanduku ya plastiki: ni vyepesi, havigongani, vinajibana kwenye kona ya bodi iliyopinda, na kikapu kikikuangukia usiku hutaumia.

Joto, vumbi na unyevu. Unyevu si shida, hewa inapita. Vumbi ndilo mgogoro. Siku moja ya njia ya vumbi na milango ya HiAce iliyochoka mipira, kila kitu kitakuwa na rangi moja. Kitambaa cha kitenge kinachoshuka mbele kama pazia kinapunguza, hakimalizi.

Fundi na mfuko. Kazi ya mwisho wa wiki kwa mtu anayejua kushika msumeno. Plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa rafu za pande zote mbili na vipande vya kubaki.

Inamfaa nani. Anayesafiri zaidi kwa lami, anayefungua na kufunga vitu mara kwa mara, na anayejaribu mpangilio kabla ya kuamua. Rafu iliyowekwa vizuri inaweza kuongezewa milango baadaye. Hakikisha tu mashimo ya kuishikia yako kwenye mbavu tangu mwanzo.

## Neti na mifuko ya turubai

Nafasi ya kichwa. Kwa HiAce ya paa fupi, hii ndiyo njia inayosamehe. Mfuko ukiwa tupu unalala bapa. Ukiugonga na kichwa unakunjika. Lakini neti ya kunyumbulika ina tabia ya kushuka kadiri inavyobeba. Uliyoifunga ikiwa imenyooka jioni ya Ijumaa itakuwa puani kwako Jumapili. Tumia utepe usionyumbulika, wa aina ya mkanda wa begi, kwa mhimili, na lastiki iwe kwenye mdomo tu.

Uzito. Kilo moja, mbili. Hakuna cha kujadili.

Kutulia barabarani. Haisikiki, haivunjiki, haina skrubu ya kulegea. Kasoro yake ni kuyumba: mfuko unaoning'inia kwa pointi mbili unapiga ukuta kila kona. Ufunge kwa pointi nne, juu na chini. Kwa sufuria na sahani haifai; kila kitu kigumu ndani ya neti kitakugusa kichwa kama ngumi.

Joto, vumbi na unyevu. Turubai lenye zipu linazuia vumbi kuliko rafu. Ufukweni linashika ukungu usipolianika. Velkro ya kubandika kwa gundi isahau kabisa: joto la paa linalainisha gundi hiyo na mfuko unashuka wenyewe mchana ukiwa sokoni. Shona, au funga kwa bolti.

Fundi na mfuko. Fundi sahihi ni yule anayeshona viti vya magari na maturubai, maana ana cherehani ya kupenya vitambaa vinne. Mpe vipimo na sampuli ya begi la shangazi kaja. Ataelewa zipu ikae wapi. Ndiyo nafuu kuliko zote, na sindano na uzi wa nailoni vinatosha kuitengeneza popote.

Inamfaa nani. Mwenye gari la kazi wiki nzima na la kulala wikiendi, maana yote inatoka kwa dakika chache. Inamfaa pia anayechanganya kulala garini na gesti: unachomoa mfuko mzima wa nguo, unaingia nao ndani, asubuhi unaurudisha.

## Keria juu ya paa

Nafasi ya kichwa. Haigusi hata sentimita ya ndani. Hiyo ndiyo hoja yake yote, na ni hoja kubwa kwa familia.

Uzito. Hapa ndipo zile sm 7 za kitovu cha uzito kupanda zinapoingia. Keria ya kuchomelea ya skwea paipu ya mm 25 yenye unene wa mm 1.5 ina kilo 1.1 kwa kila mita. Keria ya kawaida inakula mita 20, kwa hiyo umeshabeba kilo 22 za chuma kabla ya begi la kwanza. Soma kitabu cha gari lako uone kikomo cha mzigo wa paa, na keria yenyewe uihesabu ndani yake. Hesabu za mabasi ya zamani yaliyobeba magunia na baiskeli juu zisikudanganye.

Kutulia barabarani. HiAce hii ina mfereji wa maji ya mvua pembeni mwa paa, na keria inayobana mfereji huo haihitaji kutoboa paa, kwa hiyo haiwezi kuvuja. Ukiona fundi anakaribia paa na drili, mzuie kwa upole. Kaza nati baada ya siku ya kwanza ya njia mbaya. Upepo utaongeza mlio na mafuta.

Joto, vumbi na unyevu. Jua kali, mvua, vumbi, vyote kwa pamoja. Masanduku magumu yenye mpira yanasaidia; turubai lililofungwa kwa kamba linatosha kwa viti, hema na matairi. Halafu kuna nyani. Wa Manyara na wenzao wa mbuga nyingine wanajua kwamba kilicho juu ya gari kina uwezekano wa kuwa chakula, na zipu si kikwazo kwao. Wezi wa mjini nao wanajua, kwa sababu zao.

Fundi na mfuko. Mchomeleaji yupo kila kona. Kupanda na kushuka ndiyo gharama usiyoiona: bila ngazi ya nyuma, kitu kilichoko katikati ya keria hutakitumia safari nzima. Pia pima kimo kipya cha gari. HiAce ya paa la kawaida ina mita 1.98 kutoka ardhini. Ongeza keria na sanduku, utapita mita 2.3, na maegesho mengi ya chini ya majengo yatakukataa getini.

Inamfaa nani. Wenye vitu vikubwa na vyepesi vinavyotumika mkifika tu: hema la watoto, viti vya kukunja, ubao wa kuteleza mawimbini. Kwa nguo na chakula cha kila siku ni usumbufu.

## Kwa hali yako

Wawili kwenye HiAce ya paa fupi, safari za siku chache. Mifuko ya turubai juu ya vichwa, rafu moja fupi miguuni. Mchanganyiko huu ndio ninaouona ukidumu kwenye magari mengi ya namna hiyo, na bado unabaki na pa kukaa mvua ikinyesha.

Mnasafiri na watoto wawili au zaidi. Keria kwa hema na viti, rafu ndani kwa nguo, na kila mtoto mfuko wake wa turubai kwa jina lake. Kisiwepo kitu kigumu juu ya kiti kinachokaliwa gari likitembea.

Njia za vumbi ndizo maisha yako, mbugani au machimboni. Kabati la plaiwudi la masanduku mafupi, bolti za kupita, vitasa vya kubonyeza. Likikushinda bei, mifuko yenye zipu inafuata. Rafu wazi itakuchosha kwa kufuta.

Uko pwani muda mwingi. Rafu wazi inakausha vitu vizuri kuliko kabati. Ukitaka kabati, milango iwe na matundu na bawaba zisizoshika kutu.

Unaishi ndani ya Ducato au Sprinter, au unataka usajili wa Ulaya. Kabati pande zote mbili, za plaiwudi nyepesi ya mm 9 au 12, na upime gari kwenye mizani likiwa na tangi la maji limejaa kabla ya kuendelea na mapambo.

Bado hujui utaitumiaje gari. Funga neti, lala nayo msimu mmoja wa safari, na uweke alama kwa chaki kila pahali kichwa chako kilipogonga. Kabati, ukiamua kulipiga, lianzie nje ya alama hizo.